Namna ya Kukagua Kama Nyumba ya Zamani Itahimili Kimbunga: Mwongozo kwa Wenye Nyumba wa Mtwara na Lindi

Mwenye nyumba wa Mikindani, Lindi mjini au Kilwa Kivinje akiulizwa kama nyumba yake itahimili kimbunga, mara nyingi hujibu kwa kutaja umri wake: aliijenga babu, imepita masika hamsini na zaidi, na paa lake halijawahi kung'oka. Jibu hilo lina uzito tukizungumzia mvua na upepo wa kusi. Kwa kimbunga halithibitishi lolote, kwa sababu nyumba nyingi za mikoa hii miwili hazijawahi kupimwa na kimbunga kamili. Kimbunga kinachokumbukwa kwa kuipiga Lindi yenyewe ni cha Aprili 1952, na sehemu kubwa ya nyumba tunazoziita za zamani leo zilijengwa baada ya mwaka huo. Kimbunga Kenneth, ambacho Aprili 2019 kilisababisha watu wa Mtwara wahame kwa tahadhari, kiliingia nchi kavu huko Msumbiji, kaskazini mwa mji wa Pemba, kikiwa na upepo uliozidi kilomita 200 kwa saa, na Mtwara ikabaki pembeni. Chido kiliingia katika jimbo hilohilo la Cabo Delgado, kusini zaidi, Desemba 2024. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024 kikiwa kimekwisha kupungua nguvu, na kinachokumbukwa zaidi kwa upande wa Kilwa ni mafuriko yaliyoikata barabara ya kwenda Dar es Salaam.

Lipo pia suala la upande. Vimbunga vya kusini mwa ikweta huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa, kwa hiyo kimbunga kikija kutoka mashariki, mji ulio kusini mwa kitovu chake hupigwa na upepo unaotoka baharini pamoja na mawimbi yake, na ulio kaskazini hupata zaidi upepo unaotoka bara. Mtwara ilikuwa kaskazini mwa Kenneth tena mbali na kitovu, na anayesema kwamba nyumba yake ya Shangani, Mtwara mjini, ilimshinda Kenneth anasema jambo ambalo halikutokea.

Ni vema pia kuelewa nguvu inayozungumzwa. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 60 kwa saa, ambao watu wa pwani wanaufahamu vizuri, husukuma kwa nguvu ya kilo 17 hivi kwa kila mita ya mraba. Ukifika kilomita 120, ambapo ndipo dhoruba ya bahari yetu huanza kuhesabiwa kuwa kimbunga hasa, nguvu hiyo hufika karibu kilo 70. Na kwa kilomita 200 hukaribia kilo 190. Bati la geji 30, kwa upande wake, lina uzito wa kilo tatu hivi kwa mita ya mraba. Nyumba yenye paa la mita za mraba 80 inaweza kuvutwa kwenda juu kwa nguvu inayozidi tani tano wakati mabati yake yote hayazidi robo tani, na hata ukiongeza mbao zake zote uzito huo hautoshi kuzuia. Paa halikai juu ya nyumba siku ya kimbunga kwa sababu ni zito. Linakaa kwa sababu limefungwa. Swali la kujiuliza, basi, ni kama kila kitu kimefungwa kwa kilicho chini yake: bati kwa papi (mbao nyembamba zinazopigiliwa bati), papi kwa kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), kenchi kwa ukuta, ukuta kwa msingi. Kamba ya nanga hukatika pale ilipolika, hata kama sehemu nyingine zote ni mpya, na ukaguzi unaoelezwa hapa ni wa kupapasa kamba hiyo kutoka juu hadi chini.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: ngazi imara, tochi, bisibisi bapa, futi ya kupimia, timazi (uzi wenye kizito mwishoni), penseli, na simu ya kupiga picha. Ukaguzi ufanyike mchana, siku isiyo na upepo, na mtu mmoja abaki chini akishikilia ngazi. Wakati mzuri ni Septemba na Oktoba, kabla ya msimu wa vimbunga unaoanza Novemba, ingawa Hidaya ametuonyesha kwamba hata Mei si salama.

Hatua ya 1: Itambue aina ya nyumba

Nyumba za zamani za pwani ya kusini si za aina moja, na kila aina ina udhaifu wake.

Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mikindani na Kilwa Kivinje, zina kuta nene na nzito ambazo upepo hauzisumbui kwa urahisi. Hatari yake ni maji. Chokaa ikishalowa kwa miaka kutokana na paa linalovuja, sehemu ya juu ya ukuta hugeuka kuwa mawe yaliyopangwa tu, na hapo ndipo paa linapokalia. Mara nyingi paa lenyewe ni la baadaye: mahali palipokuwa na sakafu ya chokaa juu ya boriti za mikoko, au paa la makuti, mtu aliweka bati na kulifunga kadiri alivyoweza.

Nyumba za miti na udongo ndizo zilizobadilika zaidi bila wenyewe kutambua. Makuti hupitisha upepo, na yanapozidiwa hung'oka kipande kwa kipande. Bati halipitishi kitu. Nguzo zilizochimbiwa kwa ajili ya makuti zinapoezekwa bati zinabeba kazi mpya, na kwa kawaida hakuna aliyeziongezea kina wala kubadilisha zilizoliwa na mchwa.

Nyumba za tofali za saruji za miaka ya 1960 hadi 1980 ndizo zinazowadanganya watu zaidi. Zinaonekana ngumu, zina plasta na rangi, lakini nyingi hazina lenta, yaani mkanda wa zege, inayozunguka nyumba nzima juu ya ukuta, na tofali zake zilifyatuliwa kwa mchanga mwingi na saruji chache. Baadhi ya zile zilizokuwa za watumishi zina paa la asbesto. Asbesto hupasuka ikipigwa na kitu kinachoruka, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu, kwa hiyo paa la namna hiyo lisitobolewe, lisikatwe wala kupigwa msasa na fundi wa kawaida. Ripoti kwa halmashauri na uombe ushauri wa namna ya kuliondoa.

Kama nyumba imo ndani ya eneo la kihistoria, pata maelekezo ya halmashauri na ya watu wa Mambo ya Kale kabla ya kugusa kuta, kwa kuwa si kila kinachoruhusiwa Ligula, mtaa wa Mtwara mjini, kinaruhusiwa Mikindani.

Hatua ya 2: Kikague kiwanja kabla ya nyumba

Ipo hali moja ambayo hakuna ukaguzi wa paa utakaokusaidia, nayo ni nyumba iliyo chini, karibu na bahari au kwenye mdomo wa mto. Kimbunga husukuma bahari kupanda juu ya usawa wake, na kikiangukia siku za bamvua, maji hupanda zaidi ya pale ambapo mtu yeyote wa mtaa huo amewahi kuyaona. Uliza wazee maji yaliwahi kufika wapi, kisha hesabu kwamba yanaweza kuvuka hapo. Wanaoishi kwenye ufukwe wa Msanga Mkuu, sehemu za chini za Lindi mjini kuelekea mdomo wa mto Lukuledi, au ukingoni mwa ghuba ya Mikindani, wawe wameamua mapema kwamba nyumba yao itaachwa, hata kama ni ya zege tupu.

Kwenye mwinuko bahari haifiki, lakini upepo huongeza kasi unapopanda mteremko, kwa hiyo nyumba iliyo kileleni ihesabiwe kuwa itapigwa zaidi ya ile iliyo nyuma ya kilima. Tazama pia miti. Mnazi mrefu hupinda na kustahimili kuliko unavyoonekana, lakini mwembe wa zamani au mwarobaini wenye tawi kavu juu ya paa ni jambo la kushughulikia mwezi huu. Mwisho tazama majirani: banda la bati lililogongelewa misumari michache upande wa baharini mwa nyumba yako ni hatari kwako kuliko kwa mwenye banda.

Hatua ya 3: Lisome bati

Usitembee juu ya paa la zamani. Kaa kwenye ngazi, tazama kingo zote nne, halafu pembe. Upepo hunyonya kwa nguvu zaidi kwenye pembe, ukingoni mwa paa na kwenye kofia ya mgongo, na kung'oka kwa paa huanzia huko, mara chache sana katikati.

Shika kichwa cha msumari wa bati kwa vidole na ujaribu kuuzungusha. Ukizunguka, tundu la mbao limekwisha kupanuka. Tazama bati kuzunguka kofia ya msumari: kwa chumvi ya pwani, kutu huanza mahali hapo, na bati linaloonekana zima kutoka barabarani linaweza kuwa na duara la kutu pana kuliko kofia yenyewe, kiasi kwamba upepo utaling'oa bati na kuuacha msumari umesimama kwenye papi. Hesabu misumari ya ukingoni. Kwa pembe, ukingo wa chini na mgongo wa paa, msumari uwe kwenye kila wimbi la bati au angalau kila wimbi la pili; nyumba nyingi zina mmoja kwa kila mawimbi matatu au manne.

Pima jinsi bati lilivyotokeza nje ya ukuta. Penu ya zaidi ya sentimita 45 huwa mkono ambao upepo unaushika na kuliinua paa lote. Baraza ni tatizo kubwa zaidi, kwa sababu nyumba zetu nyingi zina baraza ambayo bati lake ni mwendelezo wa paa kuu. Paa la baraza likinyanyuliwa, linabeba na la nyumba. Ni heri likatwe na kufungwa peke yake chini ya paa kuu, ili likienda liende peke yake.

Paa linaloteremka pande nne hustahimili upepo vizuri kuliko linaloteremka pande mbili, na lenye mwinuko wa wastani, kati ya nyuzi 25 na 40, hustahimili vizuri kuliko lililolala. Hayo huwezi kuyabadilisha leo, lakini yanakuambia nyumba inaanzia wapi.

Mawe, matairi na magogo yaliyowekwa juu ya bati yateremshwe yote. Kwa upepo wa kawaida yanasaidia kuzuia bati lisipigepige. Kwa kimbunga hayazuii kitu, na yakiruka yanaua.

Hatua ya 4: Panda darini

Hapa ndipo jibu lilipo, na hapa ndipo watu wasipofika. Mafundi wengi wataitazama nyumba kutoka uani na kutoa bei ya bati jipya. Ukiwa na fedha ya kumlipa fundi kwa saa mbili tu, zitumie hapa.

Ondoa ubao mmoja wa dari, au ingia kwa kupitia tundu la dari kama lipo, na upeleke tochi mpaka mahali kenchi inapokutana na ukuta. Chini ya kenchi utaona mbao iliyolazwa juu ya ukuta, ambayo mafundi huiita woli pleti. Tafuta majibu ya maswali matatu. Kenchi imeshikwa vipi kwenye mbao hiyo? Mbao hiyo imeshikwa vipi kwenye ukuta? Na vyote viwili ni vizima?

Katika nyumba za zamani, kenchi mara nyingi imeshikwa kwa misumari miwili iliyopigwa mshazari. Misumari hiyo inazuia kenchi isiteleze. Kuivuta kwenda juu ni kazi nyepesi, hasa mbao ikishakauka na kusinyaa kwa miaka 40. Unachotaka kuona ni mkanda wa chuma unaopita juu ya kenchi na kushuka pande zote mbili, au waya mnene uliozungushwa mara kadhaa na kukazwa. Ukiona waya, uguse: waya wa kufungia nondo ulioachwa kwenye hewa ya bahari hubaki na umbo lake hadi unapouvuta, kisha hukatika mkononi kama unga wa kutu.

Kuhusu mbao na ukuta, tazama kama kuna nondo, bolti au mkanda unaotoka ndani ya ukuta. Pale ambapo mbao imelazwa juu ya udongo wa saruji tu, paa lako halijafungwa kwa nyumba. Pale ambapo mkanda upo, ujue unaingia kina gani, kwani hesabu yake si ya kubahatisha. Ukuta wa tofali za inchi 6 una uzito wa kilo 300 hivi kwa kila mita ya mraba. Katika nyumba yenye upana wa mita 8, kila mita moja ya ukuta inabeba mita nne za paa, na upepo wa kilomita 120 unaweza kuvuta hapo kilo 280. Mkanda ulioishia chini ya kozi moja (mstari mmoja) ya tofali unashikilia kilo 60 hivi za ukuta. Utang'oa tofali hizo na kuondoka nazo. Ndiyo maana mkanda unapaswa kushuka mita moja au zaidi, au ufike kwenye lenta iliyo juu ya madirisha na kufungwa hapo.

Kisha chukua bisibisi. Ichome kwenye ncha za kenchi, kwenye woli pleti na kwenye papi za ukingoni, hasa panapoonekana alama za maji. Mbao nzima itaikataa ncha ya bisibisi baada ya milimita moja au mbili. Iliyooza au kuliwa na mchwa itaipokea bila sauti hadi kwenye mpini, hata kama nje inaonekana nzima na imara. Boriti za mikoko hazitishiki upesi na mchwa, lakini ncha yake iliyoingia ukutani, ambako chokaa hukaa na unyevu, huoza kimyakimya. Igonge kwa mpini wa nyundo na usikilize kama imetoa mlio wa kitu kilicho tupu ndani.

Angalia pia kama kenchi zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe kwa mbao za mshazari. Bila hizo, kenchi zinaweza kulala upande mmoja zote kwa pamoja, kama upepo utaupiga ukuta wa pembetatu ulio mwisho wa nyumba.

Hatua ya 5: Kuta

Teremsha timazi kutoka juu ya kila ukuta wa nje, na upime umbali wake na ukuta juu na chini. Ukuta uliopinda kwenda nje kwa zaidi ya theluthi moja ya unene wake ni wa kuitiwa mhandisi wa halmashauri, na wala si wa kuzibwa kwa plasta.

Nyufa zinasomwa kwa mwelekeo na kwa mwendo wake. Ufa mwembamba wa plasta unaoenda huku na huko si wa kutia wasiwasi. Ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha, au ufa wa wima mahali kuta mbili zinapokutana pembeni, una maana kwamba kuta hizo hazishikani tena. Chora mistari miwili ya penseli kuukatiza ufa, andika tarehe, pima upana, na urudie baada ya masika. Ufa uliotulia unaweza kuzibwa. Unaoendelea kupanuka mara nyingi unatokana na msingi, na kuuziba ni kuficha.

Kwangua udongo wa saruji kati ya tofali kwa ufunguo wa mlango. Ukidondoka kama mchanga mkavu, ukuta huo unasimama kwa uzito wake tu. Kwa nyumba za matumbawe, kosa linalofanywa na wengi wenye nia njema ni kupiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani, chokaa hulainika, na baada ya miaka michache plasta huanguka na mawe. Ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa.

Ukuta wa pembetatu unaofika mgongoni mwa paa hupigwa na upepo kama tanga, na katika nyumba nyingi hakuna kinachoushikilia juu zaidi ya papi zilizoegemea juu yake. Kama hauna lenta ya mshazari inayofuata mteremko wa paa, uhesabu kuwa ni sehemu dhaifu.

Kwa nyumba ya miti na udongo, chimba kidogo chini ya nguzo mbili au tatu za pembeni na uichome nguzo mahali inapoingia ardhini. Hapo ndipo inapokatika.

Hatua ya 6: Milango na madirisha

Dirisha au mlango ukivunjika upande unaopigwa na upepo, hewa huingia na kusukuma paa kutoka ndani wakati huohuo upepo wa nje unalinyonya. Nyumba nyingi hupoteza paa dakika chache baada ya kupoteza mlango. Kwa sababu hiyo, ushauri unaosikika mitaani kwamba madirisha yaachwe wazi ili upepo upite ndani usifuatwe. Kila kitu kifungwe, pande zote.

Madirisha ya mbao ya zamani yenye vipande viwili vinene ni bora kuliko vioo vya luva, mradi bawaba zake zimeshikwa na skurubu ndefu na komeo lake linaingia ukutani, wala si kwenye fremu iliyooza. Usukume mlango wa mbele kwa bega: fremu ikicheza ukutani, ifungwe kwa bolti kabla ya kununua kitasa kipya. Kwa vioo, andaa plaiwudi ya angalau milimita 12, ikatwe kwa kila dirisha, itobolewe matundu mapema na kuandikwa ni ya dirisha gani, kwa sababu siku ya tahadhari maduka yote ya vifaa vya ujenzi yatakuwa yamefungwa au yameishiwa.

Hatua ya 7: Toa uamuzi

Baada ya ukaguzi, iweke nyumba katika moja ya makundi matatu, na uwe mkweli, kwa kuwa ni familia yako itakayolala humo.

Nyumba ya kubaki ndani ni ile iliyo mbali na maji, yenye kuta zilizosimama wima na kushikana pembeni, kenchi zilizofungwa kwa chuma kizima hadi kina cha kutosha, na milango inayokaza. Nyumba za zamani za namna hii zipo, ila ni chache.

Nyumba ya kutengeneza ni ile ambayo kuta zake ni nzima lakini paa halijafungwa ipasavyo. Kwa maoni yangu hili ndilo kundi kubwa, na habari njema ni kwamba kasoro yake ndiyo nafuu kuirekebisha. Hata hivyo, hadi itakapotengenezwa, ihesabiwe kuwa ya kuondoka.

Nyumba ya kuondoka ni iliyo kwenye njia ya maji, yenye ukuta uliopinda au ufa unaoendelea, yenye nguzo zilizooza ardhini, au yenye paa la asbesto lililochakaa. Kuiacha siku ya tahadhari hakumaanishi kuibomoa; inaweza kuendelea kukaliwa siku nyingine zote.

Hatua ya 8: Tengeneza kwa mpangilio wa manufaa

Fedha zikiwa chache, mpangilio ni muhimu kuliko kiasi. Anza na kenchi na ukuta. Tumia mkanda wa chuma uliopakwa zinki, upite juu ya kenchi, ushuke ukutani kwa mita moja au zaidi pande za ndani na nje, na ubanwe kwa bolti inayopenya ukuta ikiwa na kipande cha bati nene kila upande. Kazi hii inafanyika bila kufumua bati. Kwenye ukuta wa matumbawe, tundu litobolewe polepole mbali na kilele cha ukuta, bila nyundo ya umeme, na lizibwe kwa chokaa.

Pili, ongeza misumari au skurubu za bati zenye washa ya mpira kwenye kingo na pembe. Skurubu ni bora. Ukitumia misumari, chagua mirefu inayopenya papi na kutokeza, kisha ukunje ncha zake kwa ndani. Ncha iliyokunjwa haichomoki. Papi iliyooza ibadilishwe kwanza, maana hakuna msumari unaoshika kwenye unga. Tatu, tenganisha baraza. Nne, mbao za mshazari kati ya kenchi. Lenta mpya ya kuzunguka nyumba isubiri siku utakapoezua kwa ajili ya kuezeka upya, lakini siku hiyo isikupite, hata ikibidi kupunguza vyumba vya kupakwa rangi.

Kwa nyumba ya miti na udongo ambayo mwenyewe hana uwezo wa haya, kamba nene za nailoni wanazotumia wavuvi zinaweza kupitishwa juu ya paa kutoka upande hadi upande, na kufungwa kwenye magogo yaliyolazwa na kufukiwa kwenye mashimo yanayofika kiunoni. Zisifungwe kwenye miti iliyosimama, kwa sababu mti ukiyumba utaling'oa paa lenyewe. Kamba zinapunguza hasara ya mali. Haziifanyi nyumba hiyo kuwa ya kubaki ndani.

Hatua ya 9: Siku ya tahadhari

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa kwa ngazi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kwa nyumba ya kundi la tatu, ondokeni wakati wa tahadhari, bila kungoja ile kubwa, kwa kuwa barabara na makalavati yanaweza kukatika kwa mvua kabla upepo haujafika. Mnapokwenda pakaguliwe kwa macho yaleyale: ukumbi mkubwa wenye paa pana bila nguzo katikati, uwe wa shule au wa ibada, unaweza kuwa dhaifu kuliko nyumba ndogo ya ndugu yenye lenta na vyumba vingi.

Mkibaki, zimeni swichi kuu ya umeme na mtungi wa gesi, ondoeni vitu vyote vinavyoweza kuruka uani, na mkae kwenye chumba kidogo cha katikati, mbali na ukuta wa pembetatu na mbali na madirisha. Upepo ukikatika ghafla na kukawa shwari, kitovu cha kimbunga kinaweza kuwa kinapita juu yenu. Baada ya muda upepo utarudi kutoka upande wa pili, ukivipiga kuta na madirisha ambavyo awali vilikuwa vimekingwa. Msitoke mpaka viongozi wa mtaa au kijiji watangaze kwamba kimekwisha.

Asubuhi yake, hata kama paa lipo mahali pake, panda tena darini na tochi na picha ulizopiga wakati wa ukaguzi. Linganisha kila kenchi, kila mkanda na kila ufa uliouandikia tarehe. Msumari uliochomoka nusu na mkanda ulionyooka havionekani kutoka uani, na paa lililolegea linaweza kung'olewa na upepo mdogo wa wiki inayofuata. Hadi hapo patakapokazwa upya, chumba kilicho chini ya sehemu hiyo kisilaliwe.